Tyubu mbili zenye nguvu karibu sawa mezani, moja yapasuka kwenye boila: muundo wa ndani wa chuma una mchango gani?

FundiMvuke ameuliza:

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa metali, kwa sababu jambo lililotupata kazini limenifanya nitilie shaka nilichofundishwa chuoni kuhusu nguvu za chuma.

Nafanya kazi kwenye boila ya kiwanda kimoja cha sukari. Inachoma makapi ya miwa na kutoa mvuke wa nyuzi 510 za Selsiasi kwa shinikizo la bar 67. Mwaka juzi tyubu moja ya supahita, yaani sehemu inayoupasha mvuke zaidi baada ya kutoka kwenye dramu (tangi ambamo mvuke hutengana na maji), ililiwa na majivu hadi ikatoboka. Kwa kuwa tulikuwa katikati ya msimu wa kusaga, kipande cha mita moja na nusu kilikatwa na mahali pake pakawekwa kipande cha tyubu iliyokuwapo stoo. Kipenyo cha nje kilikuwa kile kile cha milimita 50.8 na unene ule ule wa milimita 4. Mchomeleaji ni mtu anayeijua kazi yake, picha za eksirei za viungo zilitoka safi, na jaribio la shinikizo la maji lilipita bila hata tone. Kipande hicho kilifanya kazi kwa takriban saa 9,000, kisha kikapasuka kwa urefu, mbali kabisa na viungo.

Uchunguzi ulionyesha kwamba tyubu za awali ni za daraja la T22, zenye kromi na molibdeni, na kipande kilichowekwa ni SA-210 A1, ambacho ni chuma cha kaboni cha kawaida. Msimamizi wetu akasema, "Mliweka chuma dhaifu." Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu nilipofungua viwango nilikuta kwamba madaraja yote mawili yanatakiwa kustahimili mvuto usiopungua megapaskali 415 kabla ya kukatika. Tena mkazo ambao chuma huanza kunyumbuka bila kurudi unatakiwa usipungue 255 kwa A1, lakini kwa T22 ni 205 tu. Kwa mujibu wa karatasi, kilichopasuka ndicho chenye nguvu zaidi! Tulipeleka mabaki ya tyubu ile ya stoo, ambayo haijawahi kuona moto, yakavutwe kwenye mashine ya chuo, na yalikatika kwa megapaskali 468.

Nimekokotoa pia mkazo ambao mvuke uliuweka kwenye ukuta wa tyubu. Megapaskali 6.7 mara kipenyo cha wastani cha milimita 46.8, gawanya kwa mara mbili ya unene, jibu ni megapaskali 39 hivi. Yaani tyubu ilibeba chini ya sehemu moja ya kumi ya mzigo unaoikata mezani, yaani kwenye mashine ya kuvuta, na bado ikapasuka.

Maabara walitupa picha mbili za hadubini. Kwenye tyubu mpya zinaonekana chembe nyeupe na kati yake chembe nyeusi zenye mistari myembamba kama alama ya kidole. Kwenye tyubu iliyopasuka ile mistari haipo. Kuna vidoti vyeusi vilivyotapakaa, na kwenye mipaka ya chembe kuna matundu madogo. Ripoti inasema tu kwamba "perlaiti imegeuka vidonge na kuna matundu ya kripu." Naomba mtu anieleze kwa utaratibu: picha hizi zina uhusiano gani na kupasuka kwa tyubu, na kwa nini T22, iliyo laini zaidi mezani, ingedumu?

---

Mwanametali amejibu:

Ndugu FundiMvuke, pole kwa yaliyowapata, na ahsante kwa kuja na hesabu, maana ile 39 yako ndiyo inayobeba swali lote.

Tuanze kwa kuondoa jibu la haraka ambalo wengi watakupa, kwamba chuma hulainika kikipata moto. Ni kweli hulainika, lakini hilo peke yake halitoshi kueleza tukio lenu. Hata kama ungeipasha ile tyubu ya kaboni hadi nyuzi 550 na kuivuta papo hapo kwa dakika chache, isingekatika kwa megapaskali 39. Ingehitaji mara kadhaa ya hizo. Kilichoiua ni joto likishirikiana na muda. Mashine ya chuo iliivuta kwa dakika mbili au tatu, boila iliivuta kwa saa 9,000, na katika saa hizo chuma kilichokuwa ndani ya boila kiliacha kuwa kile kilichopimwa mezani.

Chuma kimejengwa kwa chembe za fuwele zilizogusana, na ndani ya kila chembe atomi zimejipanga kwa safu. Safu hizo zina kasoro za mstari ambazo wanasayansi huziita disilokesheni. Chuma kinaponyumbuka, kinachotembea ni kasoro hizo, si safu nzima kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo kukipa chuma nguvu ni kuziwekea kasoro hizo vizuizi, kama vile mipaka ya chembe, tabaka za kabaidi (kaboni iliyoungana na metali), au atomi ngeni zilizojibana kati ya atomi za chuma. Katika joto la kawaida kasoro ikifika kwenye kizuizi husimama, na haiendelei mpaka uongeze mzigo. Ndiyo maana daraja la kuvukia mto linaweza kubeba mzigo ule ule kwa miaka mia moja bila kurefuka.

Joto likizidi kama asilimia 40 ya joto la kuyeyukia, likihesabiwa kwa kelvini, hali hubadilika. Chuma tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1538, ambazo ni kelvini 1811. Asilimia 40 yake ni kelvini 724, yaani nyuzi 450 hivi. Kuanzia hapo atomi huwa na uwezo wa kuhama kutoka nafasi moja kwenda nyingine kwa kasi inayoonekana katika maisha ya mtambo. Kasoro iliyokwama nyuma ya kizuizi husubiri atomi chache zihame, kisha hupanda na kuvuka kwa juu. Mzigo haujaongezeka hata kidogo, lakini chuma kimerefuka. Huo ndio mtambao, ambao ripoti yenu imeuita kripu, na tyubu yenu ilikuwa eneo lake halisi, kwa sababu mvuke wa nyuzi 510 maana yake ni ukuta wa chuma wa nyuzi 540 hadi 550, na zaidi palipo na magamba ndani.

Sasa turudi kwenye picha zako. Ile mistari kama alama ya kidole ni perlaiti, yaani tabaka za feraiti laini (chuma kisicho na kaboni karibu kabisa) na za sementaiti ngumu zilizopishana. Sementaiti ni kabaidi ya chuma, atomi tatu za chuma kwa moja ya kaboni. Tabaka hizo ni vizuizi vizuri sana mezani, na mchango wake mkubwa umo ndani ya ile 468 mliyoipata. Hata hivyo, tabaka nyembamba ina uso mkubwa kuliko ujazo wake, na kila maumbile yanapopata nafasi hupunguza uso. Tazama mafuta juu ya supu: matone madogo huungana kuwa makubwa machache, wala hayarudi kuwa madogo. Kwenye nyuzi 550 kaboni husafiri ndani ya feraiti kwa wepesi sana, kwa hiyo tabaka hukatika, vipande hujiviringa kuwa vidonge, na vidonge vikubwa huvimeza vidogo. Kiasi cha sementaiti hakijapungua. Kilichobadilika ni umbali kati ya kizuizi na kizuizi, na umbali huo ndio unaoamua ugumu wa njia ya kasoro. Vidoti vichache vilivyoachana ni kama walinzi wanne kwenye uwanja wa mpira. Upo upenyo mwingi wa kupita.

T22 ina kromi ya asilimia 2.25 na molibdeni ya asilimia 1 hivi. Atomi ya molibdeni ni kubwa kuliko ya chuma, hivyo hubana safu na kuzichelewesha kasoro hata pasipo na kabaidi yoyote. Jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni kwamba molibdeni hutengeneza kabaidi yake yenyewe kwa umbo la sindano ndogo mno, nyingi, zilizo karibu karibu. Ili sindano hizo zikue, haitoshi kaboni kusafiri. Lazima molibdeni nayo isafiri, na molibdeni ni mzito wa kuhama. Mwendo wa msafara huamuliwa na aliye nyuma. Baker na Nutting mwaka 1959 walifuatilia mfululizo wa kabaidi katika chuma cha aina hii kinapopashwa kwa muda mrefu, na walionyesha kwamba kabaidi zake nazo hugeuka hatua kwa hatua hadi kuwa aina kubwa zisizo na faida. T22 nayo huzeeka, basi. Tofauti ni kwamba mabadiliko ambayo chuma cha kaboni huyapitia kwa miezi, yenyewe huyapitia kwa miongo, ikiwa joto lake halitavuka lililokusudiwa.

Ndiyo maana viwango vya boila haviangalii 415 ya mezani vinapopanga mkazo unaoruhusiwa katika joto hili. Vinaangalia mkazo unaovunja chuma baada ya saa 100,000, na kwa kipimo hicho, karibu na nyuzi 540, T22 inaruhusiwa kubeba takriban mara tatu ya chuma cha kaboni. Msimamizi wako alisema kweli kwamba mliweka chuma dhaifu, ila udhaifu huo hauonekani kwenye mashine ya kuvuta.

---

SpanaMkononi amejibu:

Maelezo mazuri, Mwanametali, lakini mbona suluhisho ni rahisi? Kama T22 haikuwapo stoo, wangeweka chuma cha kaboni chenye unene wa milimita 8 na mkazo ungepungua zaidi ya nusu. Au wangetafuta chuma cha kaboni chenye chembe ndogo sana, kwa sababu sote tulifundishwa kwamba chembe zikiwa ndogo nguvu huongezeka.

---

MkaguziTyubu amejibu:

Kaka SpanaMkononi, nimekagua boila kwa miaka mingi na hoja zako zote mbili nimewahi kuziona zikitekelezwa, kwa hiyo nisikubeze.

Kuhusu unene: tyubu ya supahita hupozwa na mvuke unaopita ndani yake. Ukiongeza unene na kuacha kipenyo cha nje kama kilivyo, unabana njia ya mvuke, mvuke mwingi unakimbilia tyubu za jirani, na joto linapaswa kuvuka ukuta mnene zaidi. Uso wa nje unapata moto kuliko mwanzo. Umepunguza mkazo na umeongeza joto, na katika eneo hili joto ndilo linalokula maisha ya tyubu kwa pupa.

Larson na Miller mwaka 1952 walitoa kanuni inayotumika hadi leo: chukua joto kwa kelvini, zidisha kwa jumla ya 20 na logi ya saa (kwa msingi wa 10), na kwa mkazo mmoja jibu hubaki lile lile. Chukua tyubu inayotarajiwa kudumu saa 100,000 kwenye nyuzi 540, yaani kelvini 813. Logi ya saa hizo ni 5, kwa hiyo 813 mara 25 ni 20,325. Ipandishe hadi nyuzi 550, ambazo ni kelvini 823, na ukigawanya utapata 24.7, toa 20, inabaki logi ya 4.7, yaani saa 50,000 hivi. Nyuzi kumi zimekula nusu ya maisha. Kwenye nyuzi 560 zinabaki saa 25,000 hivi, na kwenye 570 hazifiki 13,000. Kipimajoto chenyewe cha boila nyingi nilizokagua kina kosa la nyuzi tano au zaidi, na hakuna anayehangaika nalo.

Kuhusu chembe ndogo: ulichofundishwa ni kweli kwa chuma baridi. Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 ndio walioonyesha uhusiano huo, na kwa mihimili ya madaraja na bati za meli unafanya kazi vizuri sana. Lakini katika joto la mtambao mpaka wa chembe huacha kuwa ukuta na kuwa barabara. Atomi husafiri kwenye mpaka kwa wepesi kuliko ndani ya fuwele, na chembe zenyewe huanza kuteleza moja dhidi ya nyingine. Chembe zikiwa ndogo, mipaka ni mingi, kwa hiyo barabara ni nyingi. Kuna aina ya mtambao, ile aliyoieleza Coble mwaka 1963, ambayo kasi yake hupanda mara nane kila unapopunguza ukubwa wa chembe kwa nusu. Ndiyo maana chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304H, kinachotengenezwa kwa ajili ya supahita, kinatakiwa kiwe na chembe kubwa na kaboni isiyopungua asilimia 0.04, wakati kwenye masufuria na matangi ya maziwa watu hutafuta kaboni kidogo iwezekanavyo. Waunda injini za ndege wamekwenda mbali zaidi: mapanga ya turbini yao, ambayo ni ya nikeli na si ya chuma, humiminwa kuwa fuwele moja nzima ili pasiwe na mpaka hata mmoja.

Yale matundu kwenye picha ya FundiMvuke yanatokana na jambo hilo hilo. Chembe zinapoteleza, penye pembe au penye kabaidi juu ya mpaka hufunguka nafasi ndogo, na nafasi hizo hukua kwa kuvuta nafasi tupu za atomi kutoka pande zote. Kwanza huwa mojamoja, kisha hujipanga mstari kwenye mipaka iliyo mkabala na mkazo, kisha huungana kuwa nyufa ndogo, na mwisho ufa unaoonekana kwa macho. Neubauer aliyapanga mambo haya katika madaraja manne ambayo sisi wakaguzi huyatumia. FundiMvuke, naomba utueleze midomo ya mpasuko ilikuwaje: minene au imechongoka kama kisu?

---

FundiMvuke amejibu:

Nawashukuru sana. Midomo ilikuwa minene, karibu unene wa tyubu yenyewe, na tyubu haikuvimba sana. Nje kulikuwa na magamba mazito yenye mipasuko midogo mingi inayofuata urefu wa tyubu, na ndani kulikuwa na gamba jeusi lililoshikana.

---

MkaguziTyubu amejibu:

Basi ushahidi unakubaliana na aliyoyasema Mwanametali. Mdomo mnene na uvimbe mdogo ni alama ya tyubu iliyoteswa polepole kwa muda mrefu. Kama ingekosa mvuke ghafla ikapata moto mkali kwa dakika chache, ingevimba kama puto na midomo ingekuwa myembamba kama wembe. Hapo hadubini ingekuonyesha kitu kingine kabisa: iwapo chuma kilivuka nyuzi 727, sehemu yake ingekuwa imegeuka ostenaiti (mpangilio wa atomi wa chuma chenye joto kali), na mvuke uliotoka kwa kishindo ungekipoza ghafla na kukiacha na beinaiti au martensaiti (miundo migumu inayozaliwa chuma kikipozwa haraka) karibu na mdomo. Tukikuta martensaiti kwenye tyubu ambayo haikutengenezwa nayo, tunajua joto lilifika wapi hata kama kipimajoto hakikurekodi chochote. Muundo wa ndani hutunza kumbukumbu, nami nimeona ukiwaumbua waendeshaji walioapa kwamba boila haikuwahi kuzidi joto.

Lile gamba jeusi la ndani usilipuuze. Ni oksidi ya chuma, na inapitisha joto kwa uvivu ukilinganisha na chuma chenyewe, hivyo kadiri linavyonenepa ndivyo ukuta unavyozidi kupata moto kwa mvuke ule ule. Kromi hupunguza kasi ya gamba hilo kukua. Chuma cha kaboni kwenye nyuzi 550 kinaoza nje na ndani kwa pamoja. Ukuta unapungua, mkazo unapanda juu ya ile 39 yako, na joto linapanda. Mambo matatu yalikuwa yanaisukuma tyubu upande mmoja.

---

Mwanametali amejibu:

Naongeza jambo moja ambalo picha zenu hazikulionyesha, pengine kwa sababu tyubu iliwahi kupasuka. Sementaiti si hali ya mwisho ya kaboni ndani ya chuma. Ikikaa miaka kwenye joto la juu ya nyuzi 425 hivi, katika chuma kisicho na kromi inaweza kuvunjika kabisa na kaboni ikajitenga kuwa grafaiti, ile ile ya kwenye kalamu ya risasi. Vinundu vya grafaiti havina nguvu yoyote ya kuzungumzia. Mwaka 1943 huko Springdale, Pennsylvania, Marekani, bomba kuu la mvuke la kituo cha umeme lilivunjika baada ya kama miaka mitano ya kazi kwenye nyuzi 500 hivi, na uchunguzi ukakuta grafaiti imejipanga kando ya kiungo cha kuchomelea, katika ukanda ulioathiriwa na joto la uchomeleaji, kama karatasi iliyotobolewatobolewa ili ichanike kirahisi.

Bomba lile lilikuwa la chuma chenye nusu asilimia ya molibdeni bila kromi. Kwa mtambao wa kawaida molibdeni iliwasaidia. Kwa uthabiti wa kabaidi haikuwasaidia. Baada ya hapo kromi ikawa jambo la lazima kwa mabomba ya mvuke mkali, na hata kiasi kidogo cha karibu asilimia moja kinatosha kuizuia grafaiti.

Na viungo vyenu vya T22 na chuma cha kaboni, japo eksirei ilikuwa safi, vilikuwa salama kwa muda tu. Kaboni huvutwa na kromi. Katika joto hilo huhama polepole kutoka upande wa chuma cha kawaida kwenda upande wenye kromi, na nyuma yake huacha ukanda laini usio na kabaidi. Kama kipande kisingepasuka katikati, ningetarajia tatizo lijitokeze pale baadaye.

---

FundiMvuke amejibu:

Sasa nimeelewa. Nina swali la mwisho. Kwenye kikao kuna pendekezo kwamba tuachane na T22 na kubadilisha supahita nzima kuwa T91, kwa sababu muuzaji ametuonyesha kwamba nguvu yake katika joto ni kubwa mno. Je, muundo wake una tofauti gani, na kuna hatari gani?

---

Mwanametali amejibu:

Muuzaji hajakudanganya, ila amekueleza nusu. Daraja la 91 liliendelezwa katika maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani miaka ya 1970 kuelekea mwishoni, likaingia kwenye viwango vya boila mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lina kromi ya asilimia 9, molibdeni ya asilimia 1, na vionjo vidogo vya vanadi, niobi na nitrojeni. Hupashwa hadi nyuzi 1040 au zaidi kidogo, huachwa lipoe hewani na kugeuka martensaiti yote, kisha hupashwa tena kati ya nyuzi 730 na 800 ili wepesi wake wa kupasuka upungue.

Kinachobaki ni muundo wa kupendeza kuutazama. Vibanzi vyembamba vya martensaiti vimelala sambamba; kwenye mipaka yake kuna kabaidi za kromi zinazoizuia isihame; na ndani ya vibanzi kuna chembechembe za vanadi na niobi zilizoungana na kaboni na nitrojeni, ndogo kiasi cha nanomita chache au makumi, ambazo hukua kwa uvivu wa ajabu hata kwenye nyuzi 600. Ni kanuni ile ile ya T22 iliyosukumwa mbali zaidi: vizuizi vingi, vidogo, vya atomi zisizopenda kuhama.

Tatizo ni kwamba nguvu hiyo imo katika matayarisho kuliko katika viambato. Unaweza kuwa na T91 yenye kemia sahihi kabisa ambayo muundo wake umeharibika. Ukiikunja kwa moto bila kuirudia upashaji wote, au mwale wa gesi ukiipitia kizembe, au ukiipasha baada ya kuchomelea kwa joto lililopita kiwango, martensaiti inapotea na unabaki na feraiti yenye kabaidi kubwa, ambayo nguvu yake inashuka kuelekea ile ya T22, huku ukuta umeshauchagua kuwa mwembamba kwa kuamini T91. Uchomeleaji wake unataka chuma kipashwe hadi kama nyuzi 200 kabla ya kuanza. Kisha kiachwe kipoe hadi karibu nyuzi 100 ili martensaiti ikamilike, ndipo kipashwe hadi karibu 760 kwa muda uliopangwa. Mchomeleaji akiruka hatua ya kupoza kwa kuharakisha kazi, martensaiti mbichi huzaliwa baada ya upashaji wa mwisho, ngumu na nyepesi kupasuka.

Hata ukifuata yote hayo, kando ya kila kiungo hubaki ukanda mwembamba uliopata joto la katikati, wenye chembe ndogo na kabaidi zilizoharibika. Huo ndio unaotambaa kwanza, na wakaguzi huuita ufa wa aina ya nne. Rejea alilosema MkaguziTyubu kuhusu chembe ndogo na utaona sababu.

Kwa mvuke wa nyuzi 510 na mkazo wa megapaskali 39, T22 inatosha na inabaki na akiba. T91 ingekuwa na maana kama mngekuwa mnapandisha mvuke kuelekea nyuzi 560 au zaidi. Kwa kiwanda ambacho tyubu hubadilishwa usiku, katikati ya msimu, na fundi anayesubiriwa na kila mtu, mimi nisingeiingiza.

---

MkaguziTyubu amejibu:

Naunga mkono. Kabla ya msimu kuanza, pimeni kipenyo cha nje cha tyubu zote za supahita zilizo jirani na ile iliyopasuka, kwa sababu iliyotambaa huwa imevimba hata kabla ya kuonyesha ufa. Pimeni pia unene wa ukuta upande ule mvuke uliokuwa ukivuja ulipopiga. Unene wa gamba la ndani nao unaweza kupimwa kwa mawimbi ya sauti, na kutokana nao mkaguzi hukadiria joto ambalo ukuta umeishi nalo. Kwenye heda (bomba nene linalokusanya mvuke wa tyubu), ambayo hamwezi kuikata, ombeni replika: sehemu ndogo hung'arishwa hadi iwe kama kioo, huliwa kidogo na asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, kisha hubandikwa utando wa plastiki unaochukua umbo la uso huo na kutazamwa kwenye hadubini. Mtaona kama matundu yameanza.

Stoo nayo isiachwe. Kifaa cha mkononi cha eksirei hakisomi kaboni, lakini kwenu hilo si tatizo, kwani mnatafuta kromi na molibdeni. T22 inapaswa kusoma kromi kati ya asilimia 1.90 na 2.60 na molibdeni kati ya 0.87 na 1.13. Chuma cha kaboni kitasoma karibu na sifuri kwa vyote viwili. Msiamini rangi iliyopakwa mwishoni mwa tyubu.

---

FundiMvuke amejibu:

Ahsanteni sana, Mwanametali na MkaguziTyubu. Tumeazima kifaa hicho leo asubuhi na kupima tyubu kumi na mbili zilizo kwenye rafu yenye kibao cha T22. Tisa zimesoma sawasawa. Tatu hazina kromi kabisa, na mbili kati ya hizo tatu zina rangi ya T22 mwishoni. Tumezitoa na kuzikata vipande ili zisirudi rafuni.